Bwana Amekula?

Walikutana kwenye friza. Duka la mzee Gurnam pale Lozells, Birmingham, Jumamosi saa sita mchana, limejaa mpaka watu wanapishana kwa ubavu kati ya magunia ya mchele na ndoo za maharage. Ambakisye alizamisha mkono kwenye barafu akakamata pakiti ya kisamvu, ya mwisho. Papo hapo mkono mwingine, wenye kucha za zambarau, ukaikamata pakiti ileile kwa upande wa pili.

"Samahani dada, hiki kisamvu nimekishika mimi."

"Kisamvu ni nini? Mi nimeshika sombe."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Kama unatafuta kisamvu, tafuta kisamvu. Hii ni sombe, iko yangu."

Mzee Gurnam, Singasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye kilemba cha bluu, aliwapigia kelele kutoka kwenye kaunta. "Nyinyi mbili, funga friza! Baridi yote natoka! Moja tu iko, ingine nakuja Jumanne. Oa huyu mama, kula pamoja, maneno kwisha!"

Duka zima likacheka. Ambakisye akainua macho. Mwanamke alikuwa mnene kidogo, wa miaka arobaini na kitu, koti la rangi ya damu ya mzee, chini yake kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, na chini ya kitenge raba nyeupe zilizolowa mvua. Alinukia vitunguu na mafuta ya nazi. Ambakisye mwenyewe alikuwa bado na kizibao cha kung'aa cha kazini, ndevu za siku tatu, na uso ambao Gurnam alikuwa akiuita uso wa kesi.

"Chukua wewe, bwana," akasema. "Mimi nitakula kabichi."

"Juu ya nini unaniita bwana? Unaona ndevu hapa?"

"Kwetu Tukuyu ni msemo tu. Twende bwana, acha bwana. Hata mtoto mdogo anaambiwa bwana."

"Ah! Kwetu Uvira bwana ni wawili tu. Kuko ule wa mbinguni, na kuko ule wa kitanda. Mi uniweke wapi?"

Ambakisye akacheka. Sauti ya kicheko chake ilimshtua mwenyewe, maana ilikuwa na miaka miwili haijatoka.

Miaka miwili hiyo ilikuwa ya Tusekile. Mkewe alipatikana na uvimbe tumboni, akawekwa kwenye foleni ya upasuaji, na foleni ile ikamla miezi kumi na moja. Barua ya kumpa tarehe ilifika siku ya tisa baada ya mazishi, imeandikwa vizuri, imekunjwa vizuri, inamkumbusha mgonjwa asile kitu asubuhi. Ambakisye aliibandika barua hiyo ukutani, juu ya televisheni. Ameishia darasa la saba, lakini hakuhitaji shule kujua nani alimuua mke wake: wakubwa. Wakubwa wa hospitali, wakubwa wa serikali, wale wanaokaa kwenye meza ndefu wanakunywa maji ya chupa na kupanga nani aishi. Wakubwa wote duniani aliwaweka kwenye kapu moja, na juu kabisa ya kapu akamweka Mungu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani.

Mwanamke wa sombe aliitwa Roselyne. Aliondoka na pakiti, na Ambakisye akaondoka na namba ya simu, iliyoandikwa kwa kalamu ya Gurnam nyuma ya risiti.

Jumatatu simu ikalia.

"Allô, Papa Kisamvu."

"Mama Sombe! Umeamkaje?"

"Niko kwa basi. Niko naenda Stechford kumuogesha kizee yangu wa kazi. Wewe?"

"Nimeshika dekio. Basi la kumi na tatu hili tangu alfajiri. Kuna mtu katapika siti zote za nyuma."

"Ee, mapenzi hii! Bengine banaambiwaka maua, mi naambiwa matapishi."

"Maua yanakuja."

"Yakuje haraka, chéri. Mi si kijana."

Ikawa hivyo kila siku: saa nne yeye akiwa kwenye karakana ya mabasi, saa saba akila mkate amesimama, jioni akiwa anapika. Alijifunza kwamba mume wa Roselyne alizama ziwani zamani, kabla hajafika Uingereza, na hawakujaliwa mtoto. Alijifunza pia kwamba kule kwao ana yaya.

"Una yaya?" Ambakisye akashangaa. "Kumbe naongea na tajiri!"

"Tajiri gani? Yaya ni mukubwa wangu! Dada yangu Nabintu. Wewe yaya yako ni nini?"

"Yaya ni msichana wa kazi, wa kulea watoto."

Roselyne alicheka mpaka abiria wenzake wakageuka. "Nikimwambia, atakuja na boti kukupiga. Shemasi mzima wa kanisa, umuite boyi!"

Jambo moja tu lilileta baridi kati yao. Kila Jumapili Roselyne alimwambia twende kanisani, na kila Jumapili Ambakisye alijibu lilelile.

"Mimi na Mungu tulishamalizana."

"Yeye amemaliza, ama wewe?"

"Aliyenyamaza kwanza ni yeye."

"Sawa, mupenzi. Mi nitaendelea kukutaja. Siku moja atachoka na jina lako."

Wiki ya sita, Ambakisye alinyoa ndevu, akavaa koti lake la mazishi kwa sababu ndilo lililokuwa zuri, akanunua maua ya njano na kupanda treni mpaka Stechford kumpokea Roselyne akitoka kazini. Alitaka kumwambia jambo. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, la maneno machache: tuanze kuishi kama watu wazima.

Alimkuta amesimama chini ya daraja la stesheni, amempa mgongo, simu sikioni, anasema kwa sauti ya chini. Ambakisye akanyata ili amshtukize.

"Bwana yangu amekula?" Roselyne alikuwa anauliza. "Alikula nini? ... Na usiku alilala? ... Bado iko chumba cha nyuma? Umufungie muzuri, mutu asimuone. Umwambie nampenda. Umwambie nalia juu yake kila siku."

Ambakisye hakusogea hatua nyingine. Bwana yangu. Kuko ule wa mbinguni, na kuko ule wa kitanda, na wa mbinguni hafungiwi chumba cha nyuma wala haulizwi kama amekula. Kwa hiyo mume hakuzama. Mume yupo, amefichwa nyumbani kwa dada mtu, anasubiri nini sijui, pengine makaratasi ya kuja huku. Na yeye Ambakisye ni nani? Ni daraja la kuvukia.

Maua aliyatupa kwenye pipa la kituo cha basi.

Angeuliza angejibiwa. Hapana, ukweli ni kwamba angeuliza, Roselyne angenyamaza, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo. Kule Uvira vita vilikuwa vimeingia mjini. Wakubwa walikuwa wamesaini amani mbele ya kamera, wakapeana mikono, na wiki ileile vijana wenye bunduki wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa lugha fulani, lugha ambayo mwaka huo ilitosha kumuua mtu. Upande wa kushoto wa nyumba ya Nabintu alikaa mama mmoja wa lugha hiyo, na mabinti watatu. Nabintu hakuitisha kikao. Alitoa magunia ya unga kwenye stoo ya nyuma, akaingiza magodoro, akawaingiza wanne wale, na kufunga mlango.

Kwenye simu hakuna kutaja jina, maana simu zinanyang'anywa barabarani na kusikilizwa. Roselyne alipendekeza waseme "mbuzi". Nabintu akakataa. "Mi ni shemasi, sitasema uongo hata kwa simu. Yesu alisema mwenye kupokea mugeni amemupokea yeye. Basi tuseme tu kweli: Bwana iko kwetu." Wakawa wanasema hivyo. Bwana amekula. Bwana anakohoa. Bwana aliota vibaya. Na Roselyne akaapa kutomwambia mtu yeyote Birmingham, kwa kuwa Wakongo wa pande zote wamejaa humu, na neno likitoka Lozells asubuhi, saa sita liko Uvira.

Wiki mbili Ambakisye hakupokea simu. Mara tatu tu alipokea kwa bahati mbaya.

"Uko mugonjwa?"

"Mzima."

"Nimekukosea nini, chéri?"

"Jiulize."

Jumapili ya pili Roselyne hakwenda kwake baada ya ibada, alikuja Ladywood, kwa Ambakisye. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa wiki ya tatu, na wenye jengo, badala ya kuleta fundi, walikuwa wameleta tangazo la kuomba radhi. Alipanda ghorofa kumi na moja kwa miguu, na Ambakisye alipofungua mlango alimkuta ameshika ukuta, anahema, amevaa kile kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, kilemba chake, na begi la vyakula.

"Usinisalimie," akasema. "Unipe kiti kwanza."

Akapumua. Akakaguliwa na akakagua.

"Umekonda. Wapi sufuria?"

"Sijaomba kupikiwa."

"Na mi sikuomba kupanda mulima. Sogea." Akafunga kitenge vizuri. "Unaona hii nguo? Yaya alinitumia. Kwaya yao yote kule wanavaa hii, wamama makumi matatu. Nikiivaa nasikia kama niko nasimama kati yao." Akafungua kabati, akafunga. "Papa, unaishi bila mawese? Wewe ni mutu wa namna gani? Ngoja, nashuka pale chini nitafute. Simu yangu iache kwa umeme, imekufa."

Akashuka. Ambakisye akabaki na sufuria, na barua ya Tusekile ukutani, na simu ya Roselyne juu ya meza, kwenye chaja.

Simu ikalia. Kwenye kioo paliandikwa: Yaya.

Aliitazama ikilia mpaka ikakata. Ikalia tena. Wiki mbili za maneno zilikuwa zimemjaa kooni, na hapakuwa na wa kumtapikia. Akaichukua.

"Allô?" Ilikuwa sauti ya mwanaume.

Damu ikampanda. "Wewe nani?"

"Wewe ni nani? Hii namba ya Ulaya ni ya nani?"

"Mimi ndiye mwenye huyu mwanamke huku. Na wewe ndiye yule bwana, siyo? Bwana mwenyewe! Unafichwa kwenye chumba cha nyuma kama mali ya wizi, unalishwa na wanawake! Toka huko nje tuongee kiume!"

Kwenye simu palikuwa na mtoto analia mbali, na buti zinakanyaga kitu kikavu, kama vigae.

"Rudilia," ile sauti ikasema polepole. "Chumba gani?"

"Cha nyuma! Umeziba masikio? Chumba cha nyuma!"

"Merci, papa," ile sauti ikasema, kwa adabu kabisa. Simu ikakatika.

Roselyne alirudi anaimba ngazini. Aliingia na chupa ya mawese, akamkuta Ambakisye amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, kifua mbele.

"Nimeongea na bwana wako," akasema.

"Bwana gani?"

"Usinichezee. Wa chumba cha nyuma. Nimekusikia kwa masikio yangu Stechford. Nimemwambia atoke ajitokeze kama mwanaume."

Chupa haikuanguka. Roselyne aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayelaza mtoto. "Ulisema na mwanaume? Kwa simu ya Yaya?"

"Ndiyo."

"Kwa ile nyumba hakuna mwanaume, Ambakisye." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

Akamwambia. Alipofika kwenye "Rudilia" ulimi wake ulianza kuwa mzito, na alipofika kwenye "Merci, papa" alikuwa ameshaelewa kwamba kuna shimo, ingawa hakujua kina chake. Roselyne akamweleza kina chake kwa sentensi nne, bila kulia. Kisha akapiga ile namba. Akapiga mara ishirini na mbili. Ilikuwa inaita, inaita, na hakuna anayepokea. Akachukua koti na begi, akatoka, na Ambakisye akasikia raba zake zikishuka ghorofa zote kumi na moja.

Alikwenda kumtafuta kesho yake, mlango haukufunguliwa. Alikwenda mpaka kwa mzee Gurnam.

"Umemuona?"

"Hapana kuona. Wewe nafanya nini yeye?"

Gurnam akamtazama sana, akampa kiti nyuma ya kaunta, akamwekea chai ya maziwa mbele yake. Chai ikapoa bila kuguswa.

Simu ilikuja Alhamisi, saa saba, saa yao ya mkate.

"Usiseme kitu," Roselyne akasema. "Usikilize tu. Pastori wa kule amenipigia. Bale vijana wa bunduki walikuwa tayari ndani ya nyumba wakati ulipokea. Walikuwa wamechukua simu yake, wanajaribu namba. Walikuwa wametafuta, hawakuona kitu, kwa mulango wa stoo Yaya alipanga magunia na kabati. Walikuwa karibu kutoka. Unasikia?"

"Nasikia."

"Walipokata simu wakarudi nyuma. Wakavuta kabati. Yaya akasimama kwa mulango, akafungua mikono hivi. Akawaambia: humu muko Bwana, mukitaka kumupiga muanzie kwangu. Wakaanzia kwake. Kwa matako ya bunduki. Hakutoka kwa mulango mpaka bale wanne wakamaliza kupita kwa dirisha. Pastori akabaficha chini ya mimbari. Yaya alikufa Jumatatu."

Ambakisye alisikia kelele ya maji ya karakana, mtu anaosha tairi, redio. "Roselyne," akasema, "hawa wakubwa, hawa wanaowapa bunduki watoto, siku moja..."

"Mukubwa gani alishika simu yangu?"

Alikaa chini, palepale, kwenye maji ya sabuni.

"Maziko ya watu wengi vile hayakuonekanaka siku nyingi," Roselyne akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika. "Kwaya yote, na ile kitenge. Na kati ya kwaya wakaweka ule mama na mabinti wake, wamevaa kitenge ileile, wanaimba nyimbo wasizojua, wanafungua tu kinywa. Ule mama akabeba jeneza mbele kabisa. Barabarani kuko kizuizi cha balebale vijana. Wakaona jeneza, wakatoa kofia. Unasikia? Wakatoa kofia. Kutoka makaburini mupaka mupakani hakuko mbali. Wamevuka. Wote wanne wamevuka." Akavuta pumzi. "Sasa nimekwambia. Usinipigie tena."

Kuna mtu akilaumu huwa anapungua, na kuna anayevimba. Ambakisye miaka miwili alikuwa amevimba kwa kulaumu wengine, na sasa hakuwa na wa kumtupia. Usiku na mchana alitafuta. Alitafuta kwa aliyesaini, aliyeuza risasi, kijana mwenye adabu aliyesema merci, na kila aliyemkuta alikuwa na hatia yake kamili, lakini ikabaki palepale sentensi moja ya kwake mwenyewe, mara mbili, kwa sauti kubwa: chumba cha nyuma. Hakuenda kazini. Alibandua barua ya Tusekile ukutani, akaiweka kwenye droo, maana hakujiona tena kuwa na haki ya kuitazama. Hakula. Friji lilikuwa na chupa ya mawese tu.

Jumamosi mchana alisikia hatua ngazini. Zilipanda polepole, zikapumzika, zikapanda. Zikasimama mlangoni pake. Mlango ukagongwa, na yeye akabaki kwenye sakafu, mgongo kwa ukuta.

Kile kitundu cha barua kikafunguka.

"Bwana amekula?"

Alidhani anaota. "Bwana gani?" akauliza, na sauti ilitoka kama ya mzee.

"Ule mugeni. Ule anajificha chumba cha nyuma."

"Roselyne, nenda nyumbani. Mimi ndiye niliyemuua yaya wako."

"Najua."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja na sombe. Sufuria iko moto, vidole vinaungua. Gurnam ameniambia tangu Jumatatu hukuonekana."

"Huwezi kunisamehe. Mtu hawezi."

Nyuma ya mlango alimsikia akiweka sufuria chini, akijipangusa pua.

"Sijakusamehe," akasema. "Usijidanganye. Nimeamka leo nikajaribu, nikashindwa. Kesho nitajaribu tena, pengine nitashindwa tena. Lakini Yaya hakumuulizaka mutu kama anastahili mbele ya kumufungulia. Angemuuliza ule mama, wangekuwa wamekufa wote. Mi niko damu yake. Nikikuacha ufe humu ndani, nitakuwa nimemuzika bure. Sasa fungua, ama nimwagie sombe ya watu kwa kitundu cha barua?"

Akasimama, akafungua. Roselyne alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba, sufuria imefungwa taulo miguuni pake. Hawakukumbatiana. Aliingia, akatafuta sahani mbili, akapakua, akakaa. Moshi wa sombe ukajaa chumba kizima.

Ambakisye akachukua kijiko.

"Hapana," Roselyne akasema. "Kwanza useme neno kwa Mungu."

"Sijui nianzie wapi."

"Anza na jina lake. Lingine litakuja, ama halitakuja."

Akaweka kijiko chini. Akafumba macho. Alikuwa amelitamka neno lile maisha yake yote, kwa watoto, kwa makondakta, kwa mwanamke asiyemjua kwenye friza, bila kulipima.

"Bwana," akasema, na akakwama palepale.

Roselyne akamngoja. Sombe ikaanza kupoa, na yeye akamngoja.